Nilivyomwamkia Mama Mkwe Nikiwa na Trei Mdomoni

Leo nimeaibika. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana mji wetu huu wa Sumbawanga ni mdogo na yule nesi nimemwacha anacheka mpaka nimefika getini.

Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa vituko. Natengeneza baiskeli zangu pale Mazwi, jioni nafunga, narudi nyumbani. Lakini tangu wiki tatu zilizopita nina pengo. Jino la mbele, la juu, lile linaloonekana hata ukisema "karibu". Na lilivyotoka ni aibu ya kwanza, kwa hiyo acheni niimalize upesi.

Lilitoka kwenye komunio ya mtoto wangu wa ubatizo, kule Kizwite. Mzee mmoja tuliyekaa naye meza moja aliomba afunguliwe soda. Opena ilikuwepo. Ilikuwa mbele yangu, imefungwa kwa kamba kwenye kreti ili isipotee. Mimi nikaona nimwonyeshe mzee wa watu kwamba vijana bado tupo, nikaipeleka chupa mdomoni. Kizibo hakikutoka. (Mzee alinishukuru hata hivyo. Akaichukua ile opena, akafungua mwenyewe.)

Sasa, pengo lenyewe ningeishi nalo. Shida ni Jumamosi hii. Jumamosi hii nakwenda Msanzi kujitambulisha kwa mama yake Vero. Vero ni mchumba wangu, fundi cherehani, wengi wenu mmeshonewa naye. Mama yake sijawahi kukutana naye. Tumesalimiana kwenye simu mara mbili, mimi nimeonyeshwa picha yake, na yeye kaonyeshwa yangu (ya kabla ya soda).

Vero alishaniambia mapema kabisa. "Mama anaangalia vitu viwili tu kwa mwanaume. Anavyosalimia, na meno."

"Meno yana nini?"

"Binamu yangu alileta kijana mwenye pengo. Mama akasema huyo kang'olewa kilabuni, ni mtu wa kupigana kwenye pombe. Yule kijana hakurudi tena."

Nikamwambia basi nitamweleza mama ukweli, kwamba ni soda. Vero akauliza, "Deo, mtu mzima anang'oka jino kwa soda?"

Jumapili nilijaribu njia yangu. Nilichonga kipande cha mshumaa mweupe, nikakipachika pale penye pengo. Kanisani kilikaa vizuri, hata Baba Yetu nimeimba nacho. Tatizo lilianza baada ya misa, nilipokaribishwa chai ya moto. Ndipo Vero akasema sasa imetosha, kesho Jumatatu nenda kwa daktari wa meno, tena uende Jumatatu hiyohiyo. Alilisisitiza sana hilo la Jumatatu. Sikujiuliza kwa nini.

Jumatatu nilifika, nikasikia mtu analia huko ndani, nikakumbuka kuna pancha sijaiziba. Jumanne nikakumbuka nyingine. Leo Jumatano pancha zikawa zimeisha, nikaenda.

Daktari ni dada mmoja mpole, mwenyeji wa Shinyanga, ana miezi miwili tu huku kwetu. Chumba chake kidogo. Kiti cha mgonjwa, kile cha kulalia, kimeelekea mlangoni, na pembeni ya mlango pana benchi la mtu anayefuata. Kumbukeni hilo benchi.

Nikamwambia nataka jino, nalitaka kufikia Jumamosi.

"Kaka, jino si kofia," akasema. "Kwanza nichukue alama ya meno yako, juu na chini. Tunamimina plasta kwenye hizo alama, napata mfano wa mdomo wako. Nakaa na huo mfano, naangalia unavyouma na majirani wa pengo wamekaaje. Hapo ndipo tunapanga tiba, kama ni jino la kuvaa na kuvua au la kudumu."

"Na Jumamosi?"

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na nusu. "Fundi anayetengeneza meno anapita saa sita kamili kuchukua kazi. Nikimpa alama nzuri leo, tutakubahatishia la kuvaa la muda, Ijumaa jioni uje ujaribu. Alama ikiharibika, ni wiki ijayo."

Kwa hiyo mnaona jambo lilivyokuwa. Ndoa yangu ilikuwa kwenye bakuli la yule dada.

Na bakuli lenyewe ni la mpira. Akatia unga wa pinki, akatia maji, akakoroga kwa nguvu mpaka ikawa kama uji mzito wa mtoto. "Maji ya kwenu ni ya baridi sana," akasema. "Dawa inachelewa kuganda. Utakaa nayo zaidi ya wenzako wa Shinyanga." (Kwa mara ya kwanza maishani nikailaumu Sumbawanga kwa baridi yake.)

Ya chini ilikwenda salama. Trei ya chuma yenye umbo la taya, imejaa uji, ikaingia, ikakaa, ikatoka. Nikajiona mwanaume. Kisha ikaja ya juu.

Ya juu, ndugu zangu, ni habari nyingine. Uji unapanda kwenye kaakaa, unatambaa kwenda nyuma, na koo linaanza kuuliza maswali. Macho yakajaa machozi. Daktari wala hakushtuka, yaelekea amewaona wengi.

"Pumua kwa pua. Usimeze. Usiongee. Inamisha kichwa mbele kidogo, mate yatoke yenyewe yaingie kwenye kitambaa. Halafu inua mguu wa kulia juu, zungusha kisigino, akili yako yote iweke kwenye huo mguu. Ukizidiwa, inua mkono wa kushoto."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo dawa ya kichefuchefu. Nikainua mguu, nikazungusha kisigino, na koo likatulia. Nikaushusha, tumbo likapanda. Nikaurudisha juu haraka. Daktari alipoona nimetulia akageukia sinki kuosha bakuli lake.

Basi picha ndiyo hiyo. Deo amelala kwenye kiti, kitambaa shingoni, mpini wa trei umechomoza mdomoni, mate yanashuka kwa mpangilio wake, na mguu wa kulia uko hewani, kiatu kimeelekea mlangoni, kinazunguka.

Mlango ukafunguliwa. Nesi akasema, "Mama, karibu ukae hapo. Wewe ndiye unayefuata."

Akaingia mama mmoja wa makamo, sweta ya bluu juu ya kitenge, mdomo kaufunika kwa pembe ya kanga. Nikamtambua kabla hajafika benchini. Sweta ilikuwa ileile ya kwenye picha. Mama yake Vero, wa Msanzi, amesimama mbele ya unyayo wa kiatu changu.

Nikaushusha mguu. Tumbo likapanda. Nikaurudisha.

Nawaambia ukweli, hapo bado nilikuwa na bahati. Hakunitambua. Nusu ya uso wangu ilikuwa trei na nusu nyingine mate. Ningefumba macho nikajifanya mgonjwa mahututi, mambo yangeishia hapo na nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Lakini yule mama hakukaa kwanza. Alikunja magoti kidogo, akapiga makofi yale ya taratibu, akasema, "Habari za humu, wanangu."

Daktari akageuka. "Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Daktari akarudi kwenye sinki lake. Kisha mama akanitazama mimi. Akasubiri.

Kwa ninyi mliohamia Dar, mnaosalimiana kwa kidole gumba cha simu, niwakumbushe. Kwetu Ufipa mkubwa hasalimiwi kwa mdomo peke yake, na hasalimiwi umejilaza. Unachuchumaa, unapiga makofi polepole, unasema shikamoo, unangoja uitikiwe. Mimi hilo nimelishwa na bibi yangu pamoja na ulezi. Kwetu mtoto asiyesalimia hakupewa chakula, aliambiwa akale huko alikojifunzia.

Sasa mimi nimelala, mguu uko juu, na mama mkwe anasubiri.

Alisubiri vya kutosha. Kisha akamgeukia nesi, sauti ya chini, ile ya chini inayosikika. "Huyu kijana ni mgeni huku?"

"Hapana, mama. Ni wa hapahapa Mazwi."

"Aa. Basi," akasema, na akakaa.

Ile "basi" iliniingia mpaka kwenye mfupa. Nikaanza kupiga hesabu zangu. Jumamosi naingia kwake, anaona kiatu, anaona macho haya, anakumbuka. Pengo ningeweza kulifunika kwa mkono nikijifanya nakohoa. Kutosalimia ningekufunika na nini? Vero alisema salamu na meno. Meno nilikuwa sina. Salamu ndiyo ilikuwa imebaki, nayo naiona inapotea hivihivi.

Nikaamua. (Kumbukeni ni mtu yuleyule aliyeamua kufungua soda kwa meno.)

Nikateremka kitini. Nikachuchumaa mbele ya mama, kitambaa shingoni, trei mdomoni. Nikaanza kupiga makofi, pwa, pwa, pwa, kwa heshima zote. Na mguu ulipogusa sakafu tu, koo likakumbuka kazi yake. Nikakohoa kupitia puani. Nikaendelea kupiga makofi. Nikajaribu kusema shikamoo. Kilichotoka ni "hihaaa".

Daktari akageuka kutoka kwenye sinki.

Mjiweke kwenye nafasi yake. Yeye mambo yetu ya makofi hayajui. Alimwacha mgonjwa kitini, sasa anamkuta sakafuni, macho mekundu, mate yanamwagika, anakoroma na kupiga makofi. Akaona moja kwa moja kwamba nakabwa. Akaruka, akanikamata kiuno, akanipiga mgongoni kwa kiganja, pigo la mtu aliyekulia kwenye ng'ombe.

Trei ilichomoka. Ilipita hewani, ikatua mapajani kwa mama mkwe, katikati ya kitenge.

Na mdomo wangu, ulipojikuta huru, ukamalizia kazi yake. "Shikamoo, mama," nikasema, wazi kabisa, pengo lote nje, uji wa pinki kidevuni.

Nesi alikuwa mlangoni, kashika fremu.

"Marahaba," akasema mama.

Akaichukua ile trei. Hakuitupa, wala hakufanya kinyaa. Akaigeuza upande wa dirisha, akaichunguza kama anayechagua mbegu. "Haya ni meno ya juu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hapa pamekosekana moja."

"Ndiyo, mama."

Daktari naye ndipo akapata pumzi. "Deogratias, nilikwambia ukizidiwa inua mkono wa kushoto! Siyo uteremke chini unipigie makofi."

Mama akainua macho polepole kutoka kwenye trei. "Deogratias," akasema. "Deogratias wa baiskeli?"

Hapo nilitamani ardhi ya Sumbawanga ipasuke, lakini mnajua ilivyo ngumu wakati wa kiangazi. Nikakubali. Nilikuwa bado nimechuchumaa. Sikuona sababu ya kuinuka.

"Nani kakupiga?" akauliza.

"Soda, mama."

"Soda inapiga?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, sikuacha kitu, kwa sababu mtu aliyekwisha kukutemea meno yake mapajani hana tena cha kukuficha. Komunio, mzee wa watu, chupa mdomoni.

"Opena haikuwepo?"

"Ilikuwepo, mama."

"Wapi?"

"Mbele yangu. Imefungwa kwa kamba."

Mama akainama. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajisemea nimemliza mama wa watu, sasa Vero ndiyo basi tena. Kisha ile pembe ya kanga ikateleza mdomoni nikaona kwamba anacheka. Anacheka mpaka machozi. Na pale mbele, juu, alikuwa na mapengo mawili yamepangana.

Aliirudisha kanga haraka. "Na wewe usinitazame."

"Sitazami, mama."

"Mfupa wa mbuzi," akasema ndani ya kanga. "Pasaka. Vero kanisumbua miezi yote hii. Ananiambia, mama, mkwe wako mtarajiwa ni mtu wa kuangalia meno, usije ukamkaribisha na mapengo, atakimbia. Kanipangia mwenyewe. Kasema niende Jumatano, si siku nyingine."

Mimi Jumatatu, yeye Jumatano. Kumbe ratiba ilikuwa imeshonwa vizuri, na mimi na pancha zangu ndio tumeifumua.

Nikapata ujasiri wa kuuliza. "Mama, na yule kijana wa binamu yake Vero? Aliyekataliwa kwa pengo?"

Akafikiri. "Yule? Yule alikuwa na meno yote. Hakusalimia tu."

Tukatazamana, mimi na mama mkwe wangu. Katika ukoo ule anayeangalia meno ni mtu mmoja, na hakuwemo mle chumbani. Alikuwa dukani kwake anashona, ametulia, anajua kila kitu kinakwenda kwa ratiba.

Fundi wa meno alipita saa sita kamili, akaondoka na alama yangu ya chini peke yake. Ya juu ilikuwa imechanika katikati kwa lile pigo. Daktari akasema turudie, ila jino ni wiki ijayo sasa, na meno ya mama vilevile. Nikarudi kitini. Uji ukapanda tena kwenye kaakaa, koo likaanza tena maswali yake. Nikasita kuinua mguu, nikamtazama mama.

"Inua, mwanangu," akasema. "Mimi nimeshaamkiwa."

Nikainua. Safari hii alama ikatoka safi, pengo linaonekana waziwazi.

Ikafika zamu yake. Nilinawa kidevu, nikachukua koti langu. Nilipogeuka kuaga, mama alikuwa ameshalazwa, trei ya juu mdomoni, mguu wa kulia hewani, kanga imetandazwa juu ya goti, kisigino kinazunguka taratibu. Nikachuchumaa palepale mlangoni, nikapiga makofi, nikasema, "Mama, mimi natangulia. Tutaonana Jumamosi."

Hakuteremka. Hakusema "hihaaa". Hakumwaga hata tone la mate. Alitazama dari, akaleta viganja vyake pamoja juu ya tumbo, akanipigia makofi mawili madogo. Pwa, pwa. Nikawa nimeitikiwa, tena kwa heshima kamili, na hakuna aliyepigwa mgongoni.

Nilisimama pale mlangoni nikitazama mikono yangu miwili. Ilikuwa huru tangu mwanzo. Mdomo ndio uliojaa.

Kwa hiyo Jumamosi Msanzi tutakuwa watu watatu na mapengo matatu, na mwenye meno yote ni Vero. Mama kanitumia ujumbe jioni hii kwamba yeye hajamwambia Vero kuwa tumekutana, na mimi nisimwambie. Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja tu: mkikutana na Vero, msicheke. Na ukishindwa, basi cheka umefumba mdomo, kama tutakavyocheka mimi na mama.